Mayai ya Mvuke

Daktari alipoilaza kalamu mezani bila kuigusisha karatasi, Lalla Saadia alidhani wino umeisha. Alifungua mkoba, akapekua kati ya leso na funguo, akatoa kalamu yake na kuisukuma mbele.

"Chukua hii, binti yangu. Inaandika vizuri."

"Kalamu yangu nzima, mama," alisema Daktari Wafae. "Asiye mzima ni mzee."

Mzee mwenyewe, Si Thami, mshonaji wa viatu vya ngozi katika mji mkongwe wa Fes, alikuwa ameketi huku mkono mmoja wa kanzu umekunjwa hadi begani, akitazama ukuta kana kwamba anayesemwa ni jirani. Presha mia na themanini. Mafuta ya damu yamepita kiasi. Na zile ngazi kumi na mbili za kliniki alizipanda kwa vituo viwili, akisingizia kwamba kiatu kinambana, yeye ambaye hajapata kushona kiatu kikambana mtu.

Miaka kumi na mmoja mfululizo yeye na mkewe waliandikisha majina yao kwenye kura ya Hija, na miaka kumi mfululizo yalitoka majina ya wengine. Mwaka huu, mbele ya umati katika ofisi ya mtaa, yalitoka yao, wote wawili kwa mpigo. Lalla Saadia alipiga kigelegele mpaka karani akaziba masikio. Kilichobaki sasa kilikuwa kitu kidogo tu: kila mmoja wao alete karatasi yenye saini ya daktari kwamba mwili wake unaiweza safari.

"Asubuhi anakula nini?" daktari aliuliza.

"Mayai," Lalla Saadia alijibu kwa fahari. "Mayai ya khlii. Natengeneza mwenyewe, sinunui."

Daktari alifumba macho kidogo. Naye alikuwa mtoto wa Fes, alielewa. Nyama ya ng'ombe inatiwa kitunguu saumu na giligilani, inaanikwa juani, inapikwa, kisha inalazwa mtungini imezama ndani ya mafuta yake, ikae mwaka. Asubuhi unachota vijiko viwili, yanayeyuka kikaangoni, unavunja mayai juu yake, na nyumba saba zinajua umeamka.

"Mayai mangapi?"

"Manne," alisema Si Thami.

"Ijumaa ni sita," mkewe alimsahihisha, maana hakutaka mtu adhani nyumbani kwake watu wanakula kinyonge.

"Yai lenyewe halina ubaya, mama. Moja, mawili, ale. Lakini hiyo nyama ya mtungi muiache kabisa. Apunguze chumvi, apunguze sukari ya chai, atembee, ameze dawa kila siku. Baada ya wiki sita nawapima wote wawili. Nikiona sawa, natia saini."

"Mimi wa kunipima nini? Mimi mzima kama chuma."

"Na usipoona sawa?" aliuliza Si Thami, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Daktari alizipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangika. "Nafasi hupewa mwingine, baba."

*

Nyumbani, vichwa tisa vya sukari, ile iliyogandishwa mfano wa pia, vilikuwa vimesimama kabatini, kila kimoja kimeletwa na jirani pamoja na pongezi zake, kama desturi ilivyo. Lalla Saadia alivitazama. Vitu kama hivi vinarudishwaje? Utagonga mlango wa Lalla Batul na kumwambia, shika sukari yako, Hija yetu imekwama kwenye kikaango?

Asubuhi ya pili aliamka na nia mpya. Alichota mtungini, akakaa kwenye kigoda na kuichambua nyama yote kwa vidole, uzi kwa uzi, mpaka ikabaki sufuria ya mafuta meupe safi. Akayapasha. Akavunja mayai manne. Harufu ikapanda ghorofani, ikamshusha Ghizlan, mke wa mwanawe, mwalimu wa chekechea, nywele bado zimefungwa kilemba.

"Lalla, hayo nini?"

"Mayai ya mgonjwa. Nyama nimetoa yote, njoo utazame, hata uzi huoni."

"Na haya yanayochemka?"

"Haya mafuta tu."

Ghizlan alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mafuta ndiyo ugonjwa wenyewe, Lalla!"

"Basi angesema mafuta! Kasema nyama ya mtungi. Mimi sikusoma kama wewe, mwanangu, lakini masikio ninayo."

"Ba Thami," Ghizlan aligeuka, "hukumwambia?"

Si Thami alikuwa tayari ameshamega mkate. "Mimi?" alisema, akichovya. "Mimi nafuata amri za jikoni."

Sahani iliondolewa mbele yake mkate ukiwa njiani. Ghizlan hakucheka. Lakini alipopanda ngazi kurudi kwake, Lalla Saadia alisikia kicheko cha mwanawe juu kule, na kikafuatiwa na "Shh!" Miaka arobaini amelisha nyumba hii, harusi tatu, khitima nne. Leo anafundishwa kupika yai na msichana aliyeingia hapa wali ukimshinda. Makka ni Makka. Akapanda ngazi nyuma yake, akagonga.

"Haya, mwalimu. Nifundishe."

*

Somo la kwanza lilitoka kwenye simu. Mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu alichemsha maji, akatia siki, akayazungusha kwa kijiko, akadondosha yai katikati, likatoka limejikunja vizuri kama kitunguu. Ghizlan aliirudisha video hiyo mara tatu. Lalla Saadia alifunga aproni. Alizungusha maji, akadondosha yai, na yai likasambaa sufuria nzima.

"Umezungusha kwa nguvu mno, Lalla."

"Nimezungusha kama yeye!"

La pili lilitoka limechanika. La tatu likatoka zima, na wote wawili wakapiga kelele ya furaha, Ghizlan akamkumbatia mkwewe na kumpaka maji ya siki begani. Walilipeleka mezani kwa heshima zote, peke yake katikati ya sahani kubwa.

Si Thami aliliinamia. "Hili yai," aliuliza, "au leso iliyosahauliwa kwenye beseni?"

"Kula."

"Lina baridi. Lina siki. Saadia, mimi ni kachumbari?"

Siku zilizofuata walijaribu kikaango kisichogandisha, ambacho Ghizlan alikishusha kama anashusha mtoto mchanga, akakataza kijiko cha chuma kisikisogelee. Yai lilitoka kavu, limeinua kingo. Walijaribu ya kuchemsha. Si Thami alisema hicho ni chakula cha safari ya basi. Walijaribu ute peke yake bila kiini, na hilo hakulisemea neno, alilitazama tu kisha akamtazama mkewe kwa huruma, jambo lililomuumiza kuliko matusi.

Ajabu ni kwamba hakulalamika njaa. Kila asubuhi alionja, akashukuru, akavaa viatu. "Naenda kutembea," alisema. "Amri ya daktari." Na alirudi amechangamka, uso unang'aa. Lalla Saadia alifurahi. Alimsimulia hata Lalla Batul dirishani jinsi mume wake anavyotembea siku hizi, hakosi hata siku moja.

"Anatembea, ndiyo," Lalla Batul alisema, akikung'uta zulia. "Namwona. Anatembea mpaka kwa Maati."

Maati alikuwa na kibanda karibu na soko la ngozi. Hakuuza kitu kingine chochote isipokuwa khlii na mayai.

*

Alimkuta amekaa kwenye benchi kati ya wachukuzi wawili, kikaango cha udongo mbele yake, mafuta yanachemka pembeni. Si Thami alikuwa na tonge mkononi. Alimwona mkewe, na kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa, badala ya kuliweka chini, akalitia mdomoni.

"Si daktari kaniambia nitembee?" alisema na tonge shavuni. "Nimetembea."

Wachukuzi walisogea. Maati aligeukia jiko lake na kujifanya anatafuta chumvi.

"Miaka kumi na mmoja, Thami." Lalla Saadia hakupaza sauti, na ndiyo maana kibanda kizima kilisikia. "Miaka kumi na mmoja tunaomba mlango ufunguliwe. Umefunguliwa. Unataka ufungwe kwa sababu ya kikaango cha Maati? Si changu hata, cha Maati! Kitunguu saumu hajui kupima!"

"Lalla, kwa hilo unanionea," Maati alisema kwa unyonge.

"Nyamaza wewe. Watu wanajua mume wangu anakula barabarani kama mjane. Wanajua sipiki."

Si Thami alifuta vidole kwa mkate, taratibu, kimoja kimoja. Alipoinua uso, mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Saadia. Nataka kwenda kuliko wewe. Wallahi nataka. Lakini nikila vile vitu asubuhi naona kama nimeshakufa, mnaniosha. Mtu akikaa mbele ya mkate wa moto na hana cha kuchovya, anaamkia nini?"

Alitarajia mkewe atamfokea. Lakini Lalla Saadia alikaa kwenye benchi, nafasi ya mchukuzi aliyekimbia, akakitazama kikaango. Maneno yale aliyaelewa kuliko alivyoelewa ya daktari. Mume wake hakuwa mlafi wa nyama. Alitaka rojo. Alitaka kitu chenye moto, kizito, cha kuingiza mkate. Kosa lilikuwa la jikoni, na kosa la jikoni yeye anaweza kulitengeneza.

"Nyanyuka," alisema. "Twende. Maati, huyu akija tena mpe maji."

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa haina mjadala: kuskusi. Chungu cha chini kilichemka na mboga, cha juu chenye matundu kimebeba nafaka, na kwenye kiungo cha vyungu viwili alizungusha ule mkanda wa kitambaa uliopakwa unga ili mvuke usipate pa kutorokea. Kazi hiyo aliifanya tangu ana miaka tisa. Alijua kwa kusikiliza tu mvuke umefika wapi. Alisimama pale, mkono kiunoni, akiusikiliza, na ghafla akapiga paja lake kofi.

"Ghizlan! Ghizlan, shuka!"

"Nini, Lalla? Umeungua?"

"Mvuke! Nilikuwa nahangaika na maji ya siki, na mvuke ninao hapa nyumbani tangu sijaolewa!"

Hawakungoja kesho. Kuskusi ilipopakuliwa, Lalla Saadia alikuna nyanya nne, akazipika na kitunguu saumu, bizari ya pilau, pilipili tamu na majani ya giligilani mpaka zikawa nzito. Chumvi akaisogeza mbali asije akaitia kwa mazoea. Alichukua vikombe vya kioo vya chai, vile vinene, akavipaka tone la mafuta ya zeituni kwa kidole, akatia vijiko viwili vya rojo kila kimoja, akavunja yai juu. Akavipanga ndani ya chungu cha matundu, akafunga mkanda, akafunika kwa kitambaa kabla ya kifuniko ili matone yasiyaangukie mayai.

"Dakika ngapi?" Ghizlan aliuliza, simu mkononi.

"Nitajuaje? Hata huyo wa kucha ndefu hajui hili."

La kwanza walilifungua mapema, ute ungali maji. La pili likaiva kupita kiasi. La tatu, dakika ya sita, Lalla Saadia alikitikisa kikombe: ute umeshika, kiini kinacheza. Aliligeuza sahanini. Lilidondoka zima, kiini kikapasuka, kikamwagikia rojo jekundu, na mvuke wenye harufu ya bizari ukawapanda usoni.

"Ya Rabbi," alisema Ghizlan.

Lalla Saadia alikuwa anatetemeka, wallahi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, kwa sababu ya yai. Hakumwita mumewe. Alimwendea na sahani sebuleni, akasimama mbele yake, asiweze hata kukaa.

Si Thami alimega mkate. Alichovya. Alitafuna kwa muda mrefu. Akachovya tena, na mara ya tatu hakungoja kumeza. Alipomaliza, aliipangusa sahani kwa kipande cha mwisho mpaka ikang'aa, kisha akauliza lile swali ambalo Lalla Saadia alikuwa akilingojea wiki mbili.

"Lingine lipo?"

Tangu hapo hakwenda kwa Maati. Kila asubuhi alikaa mlangoni mwa jiko na saa yake mkononi, kazi aliyojipa mwenyewe, akitangaza dakika kama mwamuzi wa mpira. Siku moja walitia mchicha, siku nyingine maharagwe mapana. Lalla Batul alikuja kuona, akala mawili, akaondoka kimya, na kesho yake mvuke ukasikika dirishani kwake. Si Thami alitembea kweli sasa, mpaka kwenye lango la mji na kurudi.

Mtungi, je? Mtungi ulibaki zaidi ya nusu. Mumewe akishatoka, Lalla Saadia alijichotea kijiko, akapasha kikaango kidogo, akajikaangia mayai yake mawili ya kale. Kutupa neema ya Mungu hakuweza, kumpa mtu chakula ambacho daktari amekipiga marufuku aliona aibu, na tena mgonjwa si yeye. Alikula amesimama, haraka, dirisha wazi.

*

Walitolewa damu Jumatatu. Alhamisi wakarudi kusikia, na zile ngazi kumi na mbili Si Thami alizipanda kwa kituo kimoja tu.

"Baba," daktari alisema, akitabasamu kabla hajakaa, "umefanya nini? Mia na thelathini na tano. Mafuta yameshuka vizuri sana."

"Si mimi. Huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu, na macho yalimlowa.

Daktari aliichukua kalamu. Safari hii ilitembea juu ya karatasi, ikachora saini ndefu, na muhuri ukapigwa paa! Lalla Saadia alitaka kupiga kigelegele palepale. Alikizuia kwa kiganja. Akavuta kiti chake mbele, akanyoosha mkono kuingoja ya pili.

Daktari alikuwa akisoma karatasi nyingine. Tabasamu lilimwisha kidogo kidogo.

"Mama, wewe unakula hayohayo mayai?"

Lalla Saadia alitazama viatu vyake.

"Presha yako mia na sabini na tano. Mafuta yako yamepita hata yale ya mzee ya mwanzo. Unakula nini asubuhi?"

Si Thami aligeuka polepole. "Saadia. Mtungi uko wapi?"

"Umeisha."

"Umeisha vipi?"

"Ulitaka niumwage?" Sauti ilimpasuka. "Neema ya Mungu niimwage? Na sikumaliza wote mimi. Nusu ulikuwa umeshaila wewe!"

Hakuna aliyecheka. Daktari alisema kwa upole kwamba orodha inafungwa baada ya wiki nne, kwamba ataandika dawa, kwamba leo hawezi kutia saini. Lalla Saadia aliitikia kwa kichwa kila neno kama mwanafunzi, huku masikio yakimvuma. Aliona aibu hata kumtazama mtoto huyu ambaye yeye Saadia angeweza kumzaa.

"Basi nenda wewe," alimwambia mumewe bila kugeuka. "Karatasi unayo. Niombee huko."

"Nikafanye nini peke yangu?" Si Thami alisema. "Nani ataniambia nimevaa ihramu upande?" Aliichukua karatasi yake yenye muhuri, akaitazama, akairudisha mezani na kuisukuma mbele ya daktari. "Iweke kwenye droo yako, binti yangu. Tutakuja kuchukua mbili."

*

Asubuhi Lalla Saadia aliamshwa na mlio wa mfuniko uliokuwa ukizunguka sakafuni mpaka ukatulia. Alitupa shuka, akakimbilia jikoni peku.

Si Thami, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kuwasha jiko hata la chai, alikuwa amefunga aproni ya maua, nyanya mpaka kwenye nyusi. Mkanda wa kitambaa aliufunga kwenye vyungu kwa fundo la ushonaji wa viatu. Mvuke ulitoka kila upande isipokuwa pale ulipotakiwa.

"Usiingie!" alipaza sauti. "Kaa hapo mlangoni. Leo mgonjwa ni wewe."

"Thami, umeongeza moto mno."

"Najua ninachofanya. Wiki nne nimekaa hapo ulipo, nimeona kila kitu. Shika saa."

Alikaa. Akashika saa. Dakika ya sita alitangaza, na dakika ya saba akatangaza tena, na ya tisa, maana fundo lilikataa kufunguka na ikabidi likatwe kwa kisu cha ngozi. Yai lilitoka limekuwa gumu, limeinamia upande, na rojo lake limeungua chini. Alilileta kwa mikono miwili, akaliweka magotini pa mkewe, akasimama mbele yake asiweze hata kukaa.

Lalla Saadia alimega mkate. Alichovya, ingawa hapakuwa na cha kuchovya. Kitu kikagota menoni.

"Lina ganda," alisema.

"Liteme, endelea."

Alilitema kiganjani, machozi yakimtiririka, na kicheko kikimtoka juu ya machozi.

"Kesho punguza moto," alisema, akamega tena, akala lote.